Hati Huzaliwa Ikisomeka

Ndugu Msajili wa Taaluma, wakuu wa vitivo, wahadhiri, makatibu wa idara, wakutubi, na ninyi mafundi wa tovuti ya chuo: hamjambo.

Naomba leo tuifuate karatasi moja. Ni ratiba ya mitihani. Katibu ameiandika kwenye kompyuta, na wakati huo kompyuta inalijua kila neno lililomo. Kisha inachapishwa. Msajili anatia sahihi, muhuri unagongwa, wino wake unakatiza mistari miwili ya jedwali. Karatasi inapitishwa kwenye skana, inatoka kama PDF, inapandishwa kwenye tovuti. Nakala iliyobandikwa ubaoni inapigwa picha kwa simu, na picha hiyo inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa. Mwanafunzi asiyeona anaifungua, simu inamtajia jina la faili, halafu kimya.

Maandishi yalikuwapo. Yalipotea pale karatasi ilipoingia kwenye skana, na aliyeiingiza alikuwa anatimiza wajibu wake kwa nia njema kabisa. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe vizuri kabla hatujaondoka hapa: hati huzaliwa ikisomeka, au ikiwa imebakiza hatua ndogo tu ili isomeke. Vikwazo vingi tunaviongeza sisi wenyewe njiani. Ukiijua hatua inayoleta kikwazo, unaiacha. Ukisubiri hadi hati imekwisha kuharibika, kazi ya dakika kumi kwenye Word inageuka kazi ya siku nzima kwenye PDF.

Kwa wasiokifahamu, kisoma-skrini ni programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kinachosomwa kwa vidole. Kwenye Windows kuna NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, ambaye baadaye aliungana na James Teh. NVDA ni ya bure, haihitaji intaneti ili ifanye kazi, na nakala yake yaweza kubebwa kwenye flashi na kuendeshwa kwenye kompyuta ya maabara bila kusakinishwa. Kwenye simu za Android kuna TalkBack, ambayo simu nyingi huja nayo. Programu hizi haziangalii ukurasa jinsi jicho linavyouangalia. Zinasoma msimbo ulio nyuma ya ukurasa: hiki ni kichwa, hiki ni kiungo, hii ni safumlalo ya tatu ya jedwali. NVDA inaweza kujaribu kutambua herufi zilizo ndani ya picha, lakini jedwali la ratiba likipita humo hutoka limevurugika, saa za Jumatatu zikiwa zimebandikana na vyumba vya Alhamisi.

Sheria nitaigusa kidogo tu. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 35, inazungumzia haki na utu wa watu wenye ulemavu. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara yake ya 9 inataja habari na mawasiliano pamoja na intaneti, na ya 24 inataja elimu, ikiwamo ya chuo kikuu. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Wajibu upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyeonyeshwa abonyeze wapi.

MUHURI NA SKANA

Muhuri tusiudharau. Tangazo la uongo kuhusu ada likisambaa, mzazi aliye Soroti au Arua anaweza kupoteza pesa alizozikopa, kwa hiyo watu wana haki ya kutafuta alama ya kuaminika. Ila muhuri tumeutwisha kazi mbili: kuthibitisha na kutangaza. Kuthibitisha kufanyike kwenye nakala ya karatasi, inayotiwa sahihi, kugongwa muhuri na kuhifadhiwa kwenye jalada la ofisi. Kutangaza kufanyike kutoka kwenye faili lile lile la Word alilolitengeneza katibu. Mwishoni mwa tangazo andikeni kwa herufi: limetiwa sahihi na nani, kwa cheo gani, tarehe gani, kumbukumbu namba ngapi. Anayetaka uhakika atauona kwenye anwani ya tovuti ya chuo inayoishia na .ac.ug, na hiyo ni ngumu kuigiza kuliko muhuri wa mpira.

Tangazo lenyewe liandikwe moja kwa moja kwenye ukurasa wa tovuti, na PDF iwe kiambatisho chini yake. Kwenye WhatsApp, nakilini maneno myabandike kama ujumbe, pamoja na kiungo cha ukurasa. Kiongozi wa darasa anayesambaza picha pekee amewaacha nje wanafunzi wasioona, wenye uoni hafifu, na hata yule ambaye bando lake limebaki chembe. Na kiongozi anayesambaza tangazo kwa sauti tu amewaacha nje viziwi.

Njia ya kutengeneza PDF nayo ina uzito. Kwenye Word tumieni Save As, chagueni PDF, fungueni Options, hakikisheni kuna tiki kwenye Document structure tags for accessibility. Msipitie kwenye Print na kuchagua Microsoft Print to PDF. Njia hiyo huuchora ukurasa upya na kutupa tagi, yaani zile alama zilizofichika zinazosema hiki ni kichwa na hili ni jedwali. Kwa jicho, PDF hizo mbili ni pacha. Kwa kisoma-skrini, moja ina sura na vifungu, nyingine ni mistari iliyomwagwa. Mnaotumia LibreOffice, dirisha la kutoa PDF lina sehemu ya Tagged PDF, na matoleo kuanzia 7.0 yanaruhusu kuchagua PDF/UA, kiwango cha kimataifa cha PDF zinazofikika, kinachoitwa ISO 14289.

Tasnifu nazo zinaumia hapa hapa. Mwanafunzi wa uzamili anaandika kurasa 180 kwenye Word, kisha kwa sababu ukurasa wa tamko unahitaji sahihi yake na ya msimamizi, kitabu kizima kinachapishwa na kuskaniwa ili kiwekwe kwenye hazina ya maktaba. Kurasa 179 zinageuzwa picha kwa ajili ya ukurasa mmoja. Ofisi ya uzamili ihifadhi nakala yenye sahihi. Maktaba ipokee PDF iliyotoka kwenye Word, ambayo ukurasa wake wa tamko una majina na tarehe zilizochapwa. Mkilazimika kuingiza ukurasa mmoja ulioskaniwa, kagueni faili baada ya kuunganisha, kwa sababu programu nyingi za mtandaoni za kuunganisha PDF hutupa tagi za kurasa zote.

Kuna hesabu nyingine inayowahusu wanafunzi wote. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una piseli 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Hata ukibanwa, huo bado ni mzigo. Ukurasa ule ule ukiwa maandishi una herufi kama 3,000, yaani takriban kilobaiti 3. Kitini cha kurasa 40 kama maandishi matupu hakifiki kilobaiti 200. Mwanafunzi anayenunua bando la siku atalihisi hilo mfukoni, awe anaona au haoni.

Kujua kama PDF ni picha ni rahisi. Ifungue, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno unaloliona wazi kwenye ukurasa. Lisipopatikana, hiyo ni picha. Likipatikana, endelea: kwenye Acrobat Reader bonyeza Ctrl na D, utaona sehemu ya Tagged PDF ikisema Yes au No. Neno kupatikana na tagi kuwapo ni mambo mawili. Faili lililopitishwa kwenye programu ya kutambua herufi huwa na maneno, lakini bado halina vichwa wala majedwali.

Vitabu vya zamani ambavyo faili lake halipo haviepuki skana, basi viskaniwe vizuri. Tumieni kitabu chenyewe. Nakala ya nakala iliyodurufiwa mara nne ina vidoa ambavyo programu huvisoma kama herufi. Bapeni uti wa kitabu, kila ukurasa uwe picha yake, nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu. Mistari ya kalamu na penseli ifutwe au kutafutwe nakala safi. Kisha chagueni lugha sahihi kabla ya kutambua herufi. Tesseract, programu ya bure, inakitambua Kiswahili. Ukiiachia Kiingereza itayasahihisha maneno yetu kwa kamusi isiyo yetu. Makosa yanayorudi ni yale yale: r na n zikikaribiana husomwa m, l husomwa 1, na ile ritifaa, alama ya juu iliyo kwenye ng'ombe na ng'ambo, hudondoka. Safu mbili za gazeti huchanganywa mstari kwa mstari. Lazima mtu asome upya, na kazi hiyo ipewe muda na malipo kama kazi nyingine ya maktaba.

Wakutubi wanaoogopa hakimiliki waujue Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016 na ambao Uganda ni mwanachama. Shabaha yake ni hiyo hasa: nakala zinazosomeka kwa watu wasioona au wasioweza kusoma maandishi ya kawaida ziweze kutengenezwa, na hata kuvushwa mipaka ya nchi, bila kuzuiwa na hakimiliki.

Na wahadhiri wanaofunga PDF zao kwa nenosiri ili zisinakiliwe, angalieni mipangilio. Kufunga kunakili kunaweza kukifungia nje kisoma-skrini pia. Acrobat ina ruhusa ya pekee kwa visoma-skrini, iacheni wazi.

KWENYE WORD, MWANZO WA KILA KITU

Kama mtabadili jambo moja tu wiki hii, liwe vichwa. Tumezoea kuandika kichwa, kukikoleza, kukipa ukubwa wa 16 na kukiweka katikati. Jicho linakiona kichwa. Word inaona aya yenye herufi nene. Weka kishale kwenye kichwa, bonyeza Ctrl, Alt na 1 pamoja, na Word itakijua kuwa kichwa cha kwanza. Ukibonyeza 2 ni kifungu, 3 ni kifungu kidogo. Msiruke ngazi kutoka 1 hadi 3 kwa sababu tu ngazi ya 2 haipendezi. Sura ya herufi inabadilishwa kwenye mtindo wenyewe mara moja, na hati nzima inafuata.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Msomaji mwenye NVDA akifungua ukurasa wa tovuti au PDF yenye tagi hubonyeza H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama vile mwenye macho anavyoruka kwa jicho. Bila vichwa, atasikiliza kurasa 180 kuanzia neno la kwanza ili afike sura ya nne. Yaliyomo nayo hujitengeneza yenyewe na namba za kurasa hazikosewi tena, jambo ambalo kila msimamizi wa tasnifu atalifurahia.

Kwa sababu hiyo kazi yenye tija kuliko zote katika chuo ni kurekebisha violezo. Kiolezo cha tasnifu, cha muhtasari wa kozi, cha karatasi ya mtihani, cha barua ya idara. Faili nne au tano. Kila hati itakayozaliwa humo itazaliwa salama, hata ikiandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuhudhuria mafunzo yoyote.

Karatasi ya mtihani ina mtego wake. Msimbo wa somo, muda na maagizo mara nyingi huandikwa kwenye eneo la juu linalojirudia kila ukurasa. Visoma-skrini kwa kawaida huliruka eneo hilo, na kwenye PDF huhesabiwa kama pambo. Mtahiniwa asiyeona ataanza swali la kwanza bila kusikia kwamba anatakiwa kujibu maswali manne tu. Andikeni maagizo ndani ya hati yenyewe. Visanduku vya maandishi vinavyoelea navyo viepukwe: vinaweza kusomwa mwisho wa ukurasa au visisomwe kabisa.

LUGHA YA HATI

Hili linasahaulika sana, na hapa Uganda ambapo ukurasa mmoja hubeba Kiingereza, Kiswahili na Luganda linaumiza kuliko kwingine. Kisoma-skrini huchagua sauti kwa kufuata lugha iliyotajwa kwenye msimbo. Hati ya Kiswahili ikiwa imeandikishwa kama Kiingereza, inasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. "Wake" inatoka "weik". "Pale" inatoka "peil". Mwanafunzi wa isimu anayesikiliza kitini cha mofolojia kwa namna hiyo hapati chochote, na hapo uchambuzi wa viambishi haujaanza.

NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, na Kiswahili kimo ndani yake. Haina utamu wa msimulizi wa redio lakini inatamka irabu zetu sawasawa, mradi iambiwe. Kwenye Word chagua maandishi, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, chagua Kiswahili. Kama ni dondoo la aya moja ndani ya hati ya Kiingereza, iwekee aya hiyo peke yake. Kwenye tovuti, mafundi, lugha ya ukurasa inaandikwa mwanzoni kabisa mwa msimbo: lang="sw" kwa Kiswahili, lang="en" kwa Kiingereza, lang="lg" kwa Luganda, na lugha nyingine zina herufi zake, kama nyn kwa Runyankole, ach kwa Acholi na teo kwa Ateso. Andikeni lugha ya kweli hata kama sauti yake haijapatikana bado. Tovuti nyingi zina en kila mahali kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo na hakuna aliyegusa.

RATIBA

Ratiba za vyuo vyetu zinatengenezwa kama mkeka: siku kushoto, saa juu, seli zilizounganishwa mbili mbili au tatu tatu, nyingine tupu, na kifupi cha jina la mhadhiri kikiwa kimebanwa pembeni. Msomaji wa kisoma-skrini hutembea kwenye jedwali kwa Ctrl, Alt na mishale, na kila seli hutangaziwa kichwa cha safu yake. Seli zikiunganishwa, vichwa hupishana na hajui tena yuko saa ngapi.

Tengenezeni orodha. Safu tano: siku, saa, msimbo wa somo, chumba, mhadhiri. Kila kipindi kina safumlalo yake, na siku inaandikwa tena kila mara hata kama ni Jumatatu ile ile. Safumlalo ya kwanza iwekewe Repeat Header Rows ili ijulikane kuwa ndiyo vichwa. Jedwali linakuwa refu, na kwa mtu anayelitazama kwenye simu ndogo linasomeka vizuri kuliko ule mkeka wa mlalo.

Saa pia ziandikwe bila utata. Kwetu saa mbili asubuhi ni 8:00, na ratiba ya Kiswahili inayosema "saa 2:00" kando ya ya Kiingereza inayosema 2:00 itamkosesha mtu mtihani, awe na macho mazuri kiasi gani. Tumieni saa 24: 08:00, 14:00. Yeyote ataelewa, katika lugha yoyote.

RANGI

Mwongozo unaofuatwa duniani kwa tovuti unaitwa WCAG, unatolewa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya tovuti; toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Una ngazi tatu, A, AA na AAA, na chuo kilenge AA. Kuhusu rangi unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa, yaani pointi 18 au pointi 14 zilizokolezwa, 3 kwa 1.

Chukueni rangi za bendera yetu tunazozipenda sana kwenye mabango. Nyeusi juu ya njano safi ni takriban 19.6 kwa 1, hakuna shida kabisa. Nyekundu safi juu ya nyeusi ni 5.25, inapita. Nyekundu juu ya njano ni 3.7, inafaa kwa kichwa kikubwa tu. Nyekundu juu ya nyeupe inakaribia 4, inashindwa, na hiyo ndiyo rangi tunayoandikia "mwisho wa kulipa ada". Njano juu ya nyeupe ni 1.07, karibu na sifuri ya kuonekana. Kijivu chenye namba #777777 juu ya nyeupe kinashindwa kwa unywele, 4.48, ilhali #767676 kinapita. Anayesoma simu juani, kwenye boda au kwenye uwanja wa chuo, anauhitaji uwiano huo pia.

Rangi isibebe maana peke yake. "Masomo yenye rangi nyekundu ni ya lazima" halimfikii asiyetofautisha nyekundu na kijani. Ongezeni safu yenye neno "lazima".

PICHA, HESABU, VIDEO

Kila picha yenye maana iwe na maandishi mbadala: sentensi moja au mbili zinazosema kile ambacho picha imewekwa kukisema. Ramani ya Uganda kwenye somo la maji itaje maziwa na mito. Ramani ile ile kwenye somo la utawala itaje mikoa. Msianze na "picha ya", kisoma-skrini kimeshasema hivyo. Grafu iwe na jedwali la takwimu zake chini yake. Nembo ya chuo inayojirudia kwenye kila slaidi iwekwe kama pambo ili irukwe. Word hujitungia maelezo yenyewe wakati mwingine. Yasomeni, kwa kuwa hukosea.

Hesabu ni pagumu. Mlinganyo uliobandikwa kama picha haupo. Kwenye Word fungueni kihariri cha milinganyo kwa Alt na alama ya sawasawa. Kwenye tovuti na Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, programu ya MathJax hutoa milinganyo ambayo NVDA, kwa kutumia programu ya MathCAT, huisoma na hata kuipeleka kwenye nukta nundu. Wanaoandika kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi yenye hesabu, wajue kwamba PDF yake ya kawaida haina tagi. Wampe mwanafunzi toleo la HTML, yaani la ukurasa wa tovuti. Kuandika x2 mkimaanisha x² ni kosa la hesabu kwa anayesikiliza.

Video iwe na manukuu. Yale yanayojitengeneza ni mwanzo tu: hukosea majina ya watu na ya mahali petu, na istilahi za fani. Mhadhiri au msaidizi ayapitie. Mkichora ubaoni, semeni mnachochora. "Kama mnavyoona hapa" haimwambii kitu asiyeona.

TOVUTI NA MITIHANI YA MTANDAONI

Mafundi, chomoeni kipanya. Fungueni ukurasa wa kuomba nafasi ya masomo na mjaribu kuumaliza kwa Tab, Enter na mishale tu. Mtakutana na menyu inayofunguka kwa kipanya peke yake. Mtapoteza mahali mlipo kwa sababu mtu aliandika outline: none kwenye msimbo akiona ule mstari wa kuzunguka vitufe haupendezi, urudisheni. Mtakuta sehemu za fomu ambazo neno "tarehe ya kuzaliwa" liko karibu kwa jicho tu, halijafungwa kwenye kisanduku chake, na NVDA inasema "hariri" bila kusema nini. Mtakuta viungo kumi na tano vyote vikiitwa "bonyeza hapa". Anayefungua orodha ya viungo kwa Insert na F7 anasikia wimbo mmoja. Kiungo kijitaje: "Fomu ya kuahirisha masomo, PDF".

Picha za mahafali zinazoteleza ukurasa wa mbele: chochote kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 kiwe na kitufe cha kukisimamisha. Ukurasa ukuzwe hadi asilimia 400 na usilazimishe mtu kusogeza kushoto na kulia ili amalize mstari. Mfumo wa usajili ukitaka kumtoa mtu kwa sababu ya muda, umwonye na kumpa angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza. Vile vifaa vinavyouzwa kama kitufe kimoja cha kuifanya tovuti ifikike, visiwashawishi. Msimbo mbovu unabaki mbovu chini yake.

Moodle, ambayo ndiyo msingi wa MUELE ya Makerere na ya mifumo mingi ya vyuo, inaruhusu kumwongezea mwanafunzi mmoja muda wa jaribio bila kuwagusa wengine. Kazi hiyo ifanyike wiki moja kabla, si asubuhi ya mtihani. Maswali ya kuburuta jibu na kulidondosha juu ya picha yabadilishwe yawe ya kuchagua. Kwa kibodi na kisoma-skrini ni mateso, na hayapimi elimu zaidi.

Programu za ukaguzi kama axe na WAVE ni za bure na zifanye kazi kila toleo jipya linapotoka. Zitawaambia picha haina maandishi mbadala. Huenda zisiwaambie kwamba maandishi yaliyopo ni "IMG_2043".

PA KUANZIA

Tovuti yetu ina maelfu ya faili za zamani na hakuna anayewaomba mzimalize. Anzeni na zinazotumika muhula huu: ada, usajili, ratiba, kanuni za mitihani, fomu za mwaka wa kwanza. Kisha vitini vya kozi ambazo tayari zina mwanafunzi anayevihitaji, na mwulizeni yeye kwanza: mmoja atataka Word, mwingine nukta nundu, mwingine herufi za pointi 20. Kazi hiyo ianze majina ya udahili yanapotoka, kwa kuwa kitabu kikianza kuskaniwa wiki ya tatu ya masomo kitafika wakati wa mitihani. Faili za zamani zitengenezwe zikiombwa, na ukurasa utaje anwani ya ofisi ya kuombea na siku ngapi zitachukua. Kila idara iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na kazi hii iandikwe kwenye majukumu yake.

Kompyuta zilizo mbele yenu zina NVDA tayari, na spika za masikioni ziko mezani. Kila mmoja afungue kwenye tovuti PDF ya mwisho aliyoituma kwa wanafunzi wake. Zimeni skrini. Bonyezeni H, kisha msikilize kama kuna kitu kinachojibu.